Mhariri, kaboneti kuonekana Mirihi si habari ya uhai

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, na naomba msiikate sana hii mana najua nyie mkasi wenu mkali.

Gazeti lenu lilitoa habari ya kile chombo cha Wamarekani kinachoitwa Curiosity, kinachotambaa kwenye sayari ya Mirihi (Mars), kwamba kimekuta madini ya kaboneti ndani ya mwamba, na juu yake mkaweka kichwa cha habari kwa herufi nene, UHAI WAONEKANA MIRIHI. Mimi habari ile nimeisoma mpaka chini na sikuona pahala popote palipoandikwa kuna uhai. Mwandishi wenu mwenyewe kaandika vizuri tu kwamba wanasayansi wamekuta madini yanaitwa sideraiti, ambayo ni kaboneti ya chuma, na kwamba yanaonesha zamani kule kulikuwa na maji na hewa nzito. Bas. Uhai umeingia kwenye kichwa cha habari, na alieutia nadhani ni yule anaepanga kurasa usiku keshachoka anataka kwenda kulala. Nyie gazeti limeuzika lakin huku kwetu Wete mmetuachia kazi, barazani pale watu wamegawana mapande mawili, wapo wanaosema hizi ni dalili za kiama na wapo wanaosema wazungu waongo hata mwezini hawajafika, na wote hao wamesoma kichwa cha habari tu, hakuna hata mmoja aliefungua ukurasa wa ndani.

Mimi nimesomesha kemia skuli za sekondari huku Pemba mpaka nikastaafu kwaiyo jambo hili limenigusa, na zaidi limenigusa kwa sababu kama kuna watu duniani walitakiwa waifahamu habari ya kaboneti bila ya kuambiwa ni sisi watu wa visiwa hivi. Tumekaa juu yake. Mji Mkongwe wote kule Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, na chokaa yenyewe imechomwa kwenye tanuu kwa magogo, jiwe likipata moto wa kama nyuzi 900 linatoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani, inabaki chokaa kali, unaimwagia maji inachemka yenyewe, unaipaka ukutani, halafu pole pole kwa miezi na miaka inavuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Mabibi zetu wanaipaka kwenye tambuu na popoo. Magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi nayo ni kaboneti, ila ya sodiamu. Kaboni moja imezungukwa na oksijeni tatu, kitu hicho ndo kaboneti, halafu inashikana na metali yoyote iliyopo karibu, ikishika kalsiamu ni chokaa ya matumbawe, ikishika magnesiamu ni magnesaiti, ikishika kalsiamu na magnesiamu pamoja ni dolomaiti, ikishika chuma ndo hiyo sideraiti mliyoiandika.

Sasa watu wanauliza, na swali lao ni la maana, huyo aliekaa Marekani anajuaje kuwa jiwe lililoko mamilioni ya kilomita ni kaboneti na si jiwe jengine? Huku duniani sie tunakamulia ndimu, jiwe likitoa mapovu ni chokaa yakhe, umemaliza. Kule hakuna wa kukamua ndimu. Wanatumia mwanga, na fani yenyewe inaitwa spektroskopia. Mtu anaenunua fenesi sokoni halipasui kujua limewiva, analipigapiga kwa vidole anasikiliza mlio, na hawa nao wanalipiga jiwe kwa mwanga halafu wanasikiliza linajibu nini, mana kila madini yana mlio wake na hayabadilishani.

Njia ya kwanza ni ile ya kutizama kutoka juu. Jicho letu linaishia kwenye rangi nyekundu, kama mikromita 0.7 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), baada ya hapo kuna mwanga mwengine hatuuoni, ndo huo wa infraredi. Jua linapiga ardhi ya Mirihi, mwanga unarudi juu, na satelaiti inaupima kipande kwa kipande kuona wapi umepungua, mana kila madini humeza sehemu yake. Kaboneti humeza khasa pahala pawili, karibu na mikromita 2.3 na karibu na 2.5. Chokaa ya kalsiamu huangukia 2.34 na 2.54, ya magnesiamu husogea kidogo nyuma ikawa 2.30 na 2.50, kwaiyo hata aina ya kaboneti unaweza kuikisia kwa kusogea huko. Lakin hapo pana mtego, ukiona upungufu wa 2.3 peke yake usishangilie, udongo wa mfinyanzi wenye magnesiamu na chuma nao humeza pale pale, lazima uone vyote viwili. Ndo mana ilichukua muda. Satelaiti ya Wamarekani inayozunguka Mirihi, Mars Reconnaissance Orbiter, iliondoka duniani mwaka 2005, na ilikuwa mwaka 2008 ndo mwanasayansi Bethany Ehlmann na wenzake wakatangaza kwamba wameona kaboneti ya magnesiamu kwenye mwamba wenyewe, sehemu inaitwa Nili Fossae.

Njia ya pili mimi ndo naipenda zaidi, na aliegundua ni Mhindi, C. V. Raman, mwaka 1928 kule Calcutta, akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1930. Huyu bwana miaka kadhaa nyuma, 1921, alikuwa melini akitokea Uingereza akawa anaitizama bahari ya Mediterania anajiuliza kwanini bahari ni buluu, jawabu la watu wakubwa wa wakati ule kwamba ni anga tu inajitizama kwenye maji likawa halimuingii akilini. Sie tumezaliwa na bahari hii kila upande na sijui wangapi tumewahi kukaa tukauliza hivo. Alichokuja kukigundua ni kwamba ukipiga kitu kwa mwanga wa rangi moja, karibu wote unarudi na rangi ile ile, lakin sehemu ndogo mno, tuseme chembe moja ya mwanga katika kila chembe milioni kumi, inarudi na rangi iliyobadilika kidogo, kwa sababu imegawana nguvu na mtikisiko wa atomi ndani ya kitu chenyewe. Atomi hazitulii. Kwenye kaboneti zile oksijeni tatu zinatanuka na kusinyaa pamoja kuizunguka kaboni kama mara trilioni 32 kwa sekunde moja, na mtikisiko huo ndo unaotoa mstari mkubwa kwenye karatasi ya mashine, unakaa karibu na 1,086 kwa kipimo wanachotumia wao, yani idadi ya mawimbi kwa sentimita moja. Ukiuona mstari huo mrefu umesimama pale umeshajua kuna kaboneti.

Halafu inakuja raha yenyewe. Magnesaiti mstari wake uko 1,094, dolomaiti 1,097, tofauti ndogo lakin mashine nzuri inaiona. Na kuna ndugu wawili wanaofanana kupita kiasi, kalsaiti na aragonaiti, wote ni kaboneti ya kalsiamu, kemia yao moja, mstari wao mkubwa unakaa pale pale karibu na 1,085, ila wamejipanga tofauti ndani. Hao ukitaka kuwatenganisha unashuka chini kwenye mistari midogo, kalsaiti ana mmoja karibu na 282 na aragonaiti ana wake kwenye 206. Nalisema hili kwa sababu linatuhusu moja kwa moja, tumbawe lililo hai hujenga nyumba yake kwa aragonaiti, lakin mvua ikilinyeshea maelfu ya miaka likiwa nchi kavu, kama hili jiwe letu la Makunduchi na la Micheweni, kidogo kidogo aragonaiti inageuka kalsaiti. Kwaiyo kijana akiwa na mashine ya Raman akachukua kipande cha tumbawe jipya kilichotupwa na maji pwani na kipande cha jiwe la ukutani atawaona wale ndugu wawili kila mmoja pahala pake, bila hata ya kusaga wala kuyeyusha kitu.

Chombo chengine cha Wamarekani, Perseverance, kilichotua Mirihi kwenye kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021 kimebeba mashine mbili za aina hii. Moja inaitwa SuperCam, iko kichwani kwenye mlingoti na inapiga leza ya kijani kwenye mwamba ulio mita kadhaa mbele, na nyengine inaitwa SHERLOC iko kwenye mkono, inatumia leza ya mwanga wa urujuani usioonekana na inatizama kwa karibu sana. Jezero hawakuichagua kwa bahati nasibu, ni shimo la upana wa kilomita 45, zamani lilikuwa ziwa na mto unaingia na umeacha delta, na pembeni kwa ndani, pale unapodhania palikuwa pwani ya ziwa, satelaiti ilionesha kaboneti nyingi. Yani walifuata kaboneti. Na kabla ya kwenda Mirihi walikwenda kusoma kwenye ziwa Salda kule Uturuki mana lina fukwe nyeupe za kaboneti ya magnesiamu na vijidudu vinavyosaidia kuijenga.

Basi hapo nahisi yule mpanga kurasa wenu atasema, si ndo hivo mwalimu, vijidudu, uhai! Hapana. Hapo ndo panapotakiwa kutulia.

Tanzania hii hii, kule bara Arusha, kuna mlima Ol Doinyo Lengai, ni volkano pekee inayofanya kazi duniani inayotapika lava ya kaboneti. Lava yake si ya moto mkali kama za wengine, ni kama nyuzi 500 mpaka 600 tu, inatoka nyeusi halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Na madini yake makubwa mawili ya kaboneti yana majina ya watu, moja linaitwa gregoriaiti na jengine, hili wanafunzi wangu walikuwa hawaniamini nikiwaambia, linaitwa nyerereiti kwa jina la Mwalimu Nyerere. Sasa niambie mhariri, ndani ya lava kuna konokono gani au tumbawe gani aliejenga ile kaboneti? Hakuna. Ni moto na kemia. Na si lazima uvuke bahari, ingia kwenye mapango yetu ya mawe ya chokaa utaona mawe yamening'inia juu yanadondoka tone tone, hayo nayo ni kaboneti, maji ya mvua yameyeyusha mwamba juu yakaudondosha tena chini. Pembeni yake ukuta wa pango umejaa kombe na matumbawe ya zamani, hiyo ni kaboneti iliyojengwa na viumbe. Mashine ya Raman ukiielekeza kwenye ukuta na ukiielekeza kwenye jiwe linaloning'inia itakwambia kalsaiti, kalsaiti. Haikwambii nani kaijenga.

Kwaiyo kaboneti kama hii ya Mirihi, isiyo ya lava, inasema nini khasa? Inasema palikuwa na maji, palikuwa na hewa ya ukaa, na maji yale hayakuwa tindikali kali mana tindikali ingeifuta, kumbukeni ndimu. Hayo matatu kwa mtu anaetafuta pahala palipoweza kuishika roho ya kiumbe si madogo. Halafu kuna faida nyengine, kaboneti ikiganda inafungia ndani yake vitu vilivyokuwa majini wakati ule na kuvihifadhi kwa muda mrefu, na ndo mana kwenye mawe yetu bado unaona kombe limekaa na mistari yake yote wakati mwenyewe kafa zamani kabla hajaja binadamu yeyote kisiwani. Yani wanaifuata kama kabati la kutunzia, na kabati linaweza kuwa tupu.

Wanasayansi wenyewe walishaungua kwenye jambo hili. Mwaka 1984 tarehe 27 Disemba liliokotwa jiwe barafuni Antaktika, Allan Hills, likapewa jina ALH84001, lina uzito wa karibu kilo mbili na limetoka Mirihi. Ndani yake kuna vidonge vidogo vya kaboneti vyenye umri wa karibu miaka bilioni 4. Mwaka 1996 mwanasayansi David McKay na wenzake wakaandika kwamba ndani ya kaboneti zile wameona vitu vinafanana na mabaki ya vijidudu, vyengine vina umbo la mnyoo, na Raisi Clinton wa Marekani akatoka nje ya Ikulu yake tarehe 7 Agosti akahutubia dunia. Magazeti duniani kote yaliandika vile vile kama nyie. Halafu ikaanza kazi ya kubishana, miaka na miaka, kila dalili ikapatiwa njia ya kutokea bila ya kiumbe, mpaka mwaka 2022 utafiti mwengine ukaonesha kwamba hata zile kemikali zenye kaboni ndani ya jiwe lile zinaweza kuwa zimetokana na maji kukutana na mwamba tu. Leo ukiwauliza wengi wao watakwambia haikuthibitika. Nafikiri tangu hapo ndo wamekuwa na adabu, wanasema "huenda" na "inawezekana" hata pale ambapo roho inawasukuma kupiga kelele, na neno "huenda" ndo la kwanza kukatwa likifika kwenye meza zenu.

Kuna mfano mwengine naupenda kwa subira yake. Chombo kidogo cha Spirit, nacho kilikuwa Mirihi, kilipita kwenye miamba iliyopewa jina Comanche mwaka 2005, kikapima, kikatuma data, kikaendelea na safari. Kioo cha mashine yake ya infraredi kilikuwa kimeingia vumbi, vipimo vikawa vimechafuka, hakuna alieona kitu. Watu wakakaa wakatafuta namna ya kuliondoa lile vumbi kwenye hesabu, na mwaka 2010 ndo wakatangaza kwamba mwamba ule una kaboneti za magnesiamu na chuma baina ya asilimia 16 na 34. Miaka mitano jawabu liko kabatini! Mimi ningekuwa mhariri habari hiyo ya vumbi ningeipa ukurasa mzima.

Na hii ya sideraiti yenu, mmeipoteza habari yenyewe kwa kukimbilia uhai, mana habari yake tamu. Mirihi ya leo hewa yake haifiki hata asilimia moja ya uzito wa hewa yetu, na karibu yote ni hewa ya ukaa. Lakin mito mikavu ipo, delta zipo, kwaiyo zamani lazima palikuwa na joto na hewa nzito ya ukaa kufunika. Imekwenda wapi? Sehemu imepotelea angani, na sehemu walitarajia imefungwa kwenye mawe kuwa kaboneti, sasa satelaiti zikitizama zinaona kaboneti kidogo hapa na pale, hazitoshi hesabu, kichwa kikawauma miaka mingi. Ndo Curiosity, kilichoko kwenye kreta ya Gale tangu Agosti 2012, kikatoboa mwamba kwa drili sentimita chache na ule unga ulipopimwa, safari hii si kwa mwanga wa kawaida bali kwa miale ya eksrei inavyotawanyika kwenye fuwele, ukakutwa na sideraiti, kwenye baadhi ya matundu kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito. Imetangazwa Aprili 2025. Na satelaiti zilikuwa zimepita juu ya pahala pale pale hazikuiona, kuna chumvi nyengine za salfeti zimechanganyika nayo zinaificha. Yani inawezekana kaboneti iko nyingi imejificha chini ya pua zao. Hiyo si habari kubwa? Na inatufunza pia kwamba spektroskopia kutoka juu ikikwambia "sioni" haina maana ya "hakuna".

Magadi nayo yamo, nisiyasahau. Chombo cha OSIRIS-REx kilileta duniani vumbi la kimondo Bennu, jiwe linalozunguka jua, gramu 121.6, likatua kwenye jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023. Mapema 2025 wakasema humo ndani kuna chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka, na miongoni mwake iko trona, ambayo ndo hii magadi tunayonunua dukani kwa mafungu, na kule bara ziwa Natron limejaa. Na kwenye sayari ndogo Ceres chombo cha Dawn kiliona kwa infraredi kaboneti ya sodiamu imeng'ara nyeupe katikati ya kreta ya Occator. Kwenye vumbi la Bennu walikuta pia amino asidi 14 katika zile 20 zinazojenga miili yetu. Maji yalikuwepo, magadi yapo, amino asidi zipo, na bado hakuna hata mmoja katika wale wataalamu aliesema kimondo kilikuwa na uhai. Sasa nyie kwa sideraiti peke yake mmeshafika!

Mtu atauliza basi wao watajuaje siku ikiwa kweli. Kwa ninavyofahamu hakuna kipimo kimoja, wanataka vitu vikusanyike pahala pamoja. Umbo la mwamba, kwa mfano ile mikanda mikanda inayojengwa na vijidudu kwenye maji ya kina kifupi kama kule Shark Bay Australia. Kaboni nyepesi kuwa nyingi kuliko kawaida mbele ya kaboni nzito, mana viumbe huchagua ile nyepesi. Kemikali za kaboni zilizojipanga kufuata mikanda ile ile na si kutapakaa ovyo. Rangi za viumbe, zile za jamii ya rangi ya karoti na mawese, hizo kwenye Raman zina mistari mikali karibu na 1,150 na 1,520 ambayo jiwe tupu la kaboneti halina, na huku duniani zinaonekana kwenye vijidudu vinavyoishi ndani ya mawe na chumvi jangwani. Ukikuta 1,086 na pembeni yake 1,520, hapo na mimi mwalimu mstaafu nitasimama kitini. Hata hivo watasema lije nyumbani likatizamwe na maabara kumi tofauti, na Perseverance kazi yake moja ndo hiyo, inajaza vipande kwenye vichupa, kumi kati ya hivo vimeachwa chini kule Jezero kama akiba, na pesa ya kwenda kuvichukua wamevutana nayo sana. Wazungu wa Ulaya nao wana chombo chao Rosalind Franklin kimepangwa kuondoka 2028, kina mashine ya Raman na drili ya kwenda chini mita mbili, mana juu miale ya anga imeshaunguza kila kitu.

Kuna bwana mmoja barazani aliniambia mwalimu haya yote yatatushushia bei ya unga? Hayatashusha. Lakin vijana wetu wanamaliza kidato cha nne wamekariri kwamba kaboneti na asidi hutoa hewa ya ukaa, wameandika kwenye mtihani wakapata alama, na nyumba waliyolala ukuta wake kaboneti na hawajui. Sioni kwanini chuo chetu cha SUZA kisiwe na mtu anaesoma mawe ya visiwa hivi kwa Raman, siku hizi kuna mashine za mkononi, bei yake si ndogo lakin si ya kurusha roketi, na kazi ipo hapa hapa, majumba ya Mji Mkongwe yanaanguka, Beit el Ajaib imeporomoka upande mwaka 2020, na ukitaka kutengeneza ukuta wa zamani lazima ujue chokaa ya zamani ilichanganywa na nini na imeharibika kwa chumvi gani. Mashine inayosoma ukuta wa Forodhani ndo ya ukoo mmoja na inayosoma Jezero. Waalimu wa skuli ambao hamna maabara, ndimu na kipande cha tumbawe na kipande cha jiwe jeusi la barabarani vinatosha kuanzia somo.

Kwenu mhariri ombi langu ni dogo. Hizi habari zitaendelea kuja, na nyengine zitakuwa nzito kuliko hii, mana Septemba 2025 wametangaza jiwe la Jezero lenye madoadoa ya fosfeti na salfaidi za chuma na wao wenyewe wameliita dalili inayowezekana, wakasisitiza "inayowezekana". Likija jengine mpeni aliesoma sayansi alipitie kabla halijaenda kuchapwa, skuli zimejaa waalimu, mtu anapigiwa simu tu dakika tano anajibu bure. Na hii iliyopita naomba mutoe sahihisho, si kona ya chini kwa maandishi madogo kama sisimizi, pale pale juu mlipoweka ile ya mwanzo. Kama mnakosa maneno ya kichwa nawapa mimi: KABONETI YA CHUMA YAKUTWA MIRIHI, HEWA YA ZAMANI HUENDA ILIFUNGWA MAWENI. Na hilo "huenda" msilikate.

Wenu,
Mwalimu wa kemia mstaafu,
Wete, Pemba.